Mpaka Unaojibu Ukiulizwa

Ukitaka kuujua ufundi wa wanaochora mipaka ya maeneobunge, iweke ramani kando kwanza, ushike jedwali. Machi 2012, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilichapisha katika nyongeza ya Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya orodha ya maeneobunge 290 na wadi 1,450. Mbele ya majina hayo yamepangwa mambo makavu: idadi ya watu, ukubwa wa ardhi, na lokesheni ndogo zinazounda kila sehemu. Msomaji mwenye haraka hufungua, hutafuta kwao, hufunga. Lakini kurasa za Mombasa zikisomwa taratibu, namba kwa namba, nyuma yake huanza kuonekana mkono wa mtu, na mkono huo una adabu yake.

Kabla ya mwaka huo Mombasa ilikuwa na wabunge wanne: wa Mvita, Changamwe, Kisauni na Likoni. Mapitio ya 2012 yalipandisha maeneobunge ya nchi nzima kutoka 210 hadi 290, na katika hizo nafasi 80 mpya Mombasa ikapata mbili. Jomvu ilikatwa kutoka Changamwe, Nyali ikakatwa kutoka Kisauni. Kipimo kilikuwa sensa ya 2009, iliyohesabu watu 38,610,097. Gawa kwa 290 upate 133,138: hicho ndicho kiwango ambacho kila eneobunge lingekuwa nacho lau watu wangekaa nchini kwa usawa. Kwa kuwa hawakai hivyo, Katiba ya 2010, Kifungu cha 89, inaruhusu majiji na sehemu zenye watu wachache kupanda au kushuka kwa asilimia 40 kutoka kiwango hicho, na sehemu nyingine kwa asilimia 30. Mombasa ni jiji. Dari yake basi ilikuwa watu 186,393.

Hapo ndipo Kisauni ilipoanza kutaka ufundi. Kisauni ya zamani, pamoja na Nyali yake, ilikuwa na watu 380,055. Ikikatwa sawasawa katikati, kila upande unabaki na watu 190,027, na pande zote mbili zinavunja dari. Jedwali la 2012 linaonyesha kilichofanyika: Nyali ikapewa watu 185,990, Kisauni ikabaki na 194,065. Nyali imesimama chini ya dari kwa watu 403. Kisauni imeipita kwa 7,672. Kwa hesabu ya siku ile haikuwezekana kuziokoa zote mbili bila kuvusha mstari majini, kwa hiyo mstari umetua mahali ambapo moja imeingia ndani ya kipimo na ziada yote ikabebwa na ya pili. Watu 403 katika mitaa ya Kongowea hawajazi hata uchochoro mmoja. Kupitisha mstari katikati ya watu karibu laki nne ukatua hapo si kazi ya kukisia kwa macho.

Wengi wetu tukisikia mtu amechora mpaka, tunamwona mheshimiwa na kalamu nyekundu juu ya karatasi tupu. Karatasi tupu haipo. Kama fundi wa kanzu anayeletewa kitambaa kilichokwisha kupimwa dukani, mchoraji anapokea kazi iliyoanzwa na wengine miaka mingi kabla yake. Kitambaa chake ni sensa. Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya hugawa nchi kuwa maeneo madogo ya kuhesabia, kila moja likiwa na kaya kama 100, kadiri ambayo karani mmoja anaweza kuimaliza. Maeneo hayo hujumlishwa kuwa lokesheni ndogo, lokesheni ndogo zikawa lokesheni, na kuendelea hadi juu. Anayechora eneobunge hupenda kuchukua lokesheni ndogo ikiwa nzima, kwa sababu hapo idadi inajulikana kwa hakika. Akiipasua, lazima ashuke hadi kwenye maeneo ya kuhesabia na kuyajumlisha upya, na kila mpasuko ni mlango wa kosa na wa shutuma.

Chukua kazi hiyo uilete Mji wa Kale. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 makarani waliingia mitaani na vishikwambi, mara ya kwanza kwa sensa ya Kenya kuachana na karatasi. Kwenye mashamba, ukingo wa eneo la karani huwa mto au njia pana. Kibokoni ama Kuze, ukingo huwa ukuta. Nyumba zimeshikana bega kwa bega. Mlango wa chini unaweza kutazama barabara kubwa, na ngazi ya familia ya juu ikatokea uchochoroni upande wa pili. Wa ghorofani ahesabiwe na karani gani? Asipohesabiwa na yeyote, mbunge wake wa kesho amepungukiwa na mtu. Akihesabiwa mara mbili, jirani zake wameongezewa sauti wasiyostahili. Uadilifu wa mpaka wa Bunge unaanzia kwenye ngazi hiyo, kwa mtu aliyetangulia kuzunguka mitaa, akauliza, akachora mlango gani uko upande gani. Watu hawa hawatajwi na mtu siku matokeo yanapotangazwa, nami nawaona ndio wa kwanza kustahili sifa.

Baada ya idadi huja sheria, nayo inamtaka mchoraji atazame zaidi ya hesabu: sura ya ardhi na vituo vya miji, jamii zenye maslahi yanayofanana na mafungamano ya kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, njia za mawasiliano, halafu azungumze na wahusika wote. Hakuna hata moja katika hayo linalopimika kwa rula. Hapo ndipo kazi inapoacha kuwa hesabu ikawa ufundi, maana masharti haya hugombana. Idadi inasema sogea mashariki, barabara inasema rudi, historia inasema usiguse. Fundi ni yule anayeweza kuchagua, kisha akaeleza kwa nini.

Mpaka mzuri kuliko yote ya Mombasa hakuuchora mtu. Mvita ni kisiwa chote: kilomita za mraba 14.8, mkondo wa Tudor upande mmoja, Kilindini upande mwingine, na Makupa ikikiunganisha na bara. Muulize mtoto wa miaka saba Mvita inaishia wapi, atakuonyesha maji. Mpaka wa namna hii ukiulizwa unajibu wenyewe, na kwangu ndicho kipimo cha mipaka mingine yote. Simama popote kwenye mstari uulize mbona umepindia hapa. Ukijibiwa kwa mkondo, kwa barabara, kwa reli, kwa idadi ya watu, au kwa mtaa ambao wenyewe hawataki kutenganishwa, mstari huo umechorwa na fundi. Ukijibiwa kwa jina la mtu, umechorwa na mwingine.

Ndani ya kisiwa, maji hayasaidii tena. Mvita imegawanywa wadi tano: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Shimanzi/Ganjoni na Majengo. Kila mwenyeji anajua kwamba ukivuka Barabara ya Digo kutoka Majengo kuingia upande wa Ngome ya Yesu, umeingia mji mwingine: majengo yamebadilika, njia zimepungua upana, hata kasi ya watembeao imepungua. Lakini Mji wa Kale peke yake hautoshi idadi, na wadi lazima iwe na watu. Ukapewa Makadara. Angalia jinsi walivyoandika jina: majina mawili, mkwaju mmoja katikati, kama walivyofanya kwa Shimanzi na Ganjoni. Ingekuwa rahisi kuchagua jina moja na kulimeza la pili. Mkwaju ule unakubali waziwazi kwamba mitaa miwili imeunganishwa kwa haja ya hesabu, na hakuna uliohamia kwa mwenzake. Anayeishi Makadara hakulazimishwa kuitwa mtu wa Mji wa Kale ili apate diwani. Ni busara ndogo, ila madiwani wengi wamezozania mambo madogo kuliko hayo.

Mombasa iliwahi kujigawa bila mstari hata mmoja. Kabla ya utawala wa Waingereza, Waswahili wa hapa walikuwa wamejipanga katika Thenashara Taifa: Tatu Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, wakiwemo Wamvita na Wajomvu. Kila upande ulikuwa na mkuu wake na sauti yake mbele ya mtawala, awe Mazrui au liwali wa Sultani. Mtu alikuwa wa taifa lake hata akihama mtaa. Uwakilishi ulifuata nasaba na mkataba, na ardhi ilikuja baadaye. Leo maeneobunge matatu kati ya sita ya kaunti, Mvita, Changamwe na Jomvu, yamebeba majina yaliyomo katika mataifa hayo, ingawa wakazi wake wengi hawana nasaba nayo. Sisemi turudi huko. Mfumo ule uliwaacha nje watumwa, wageni na wengi wa bara. Ila unamkumbusha mchoraji kwamba watu walikuwa wakijua wao ni akina nani kabla ya yeye kufika, na kwamba kazi yake ni kuwasikiliza kabla ya kuwapanga.

Waliokuja bila kusikiliza tunawafahamu. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar katika pwani hii ni ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Kabla ya mapatano kulikuwa na tume iliyozunguka pwani, na mjumbe wa Uingereza alikuwa Kitchener, yule atakayepata umaarufu Sudan. Maili kumi ni mpaka wa rula. Hauulizi shamba ni la nani, wala Mmijikenda anayeteremka na mazao kuja Mombasa anakaa upande gani. Mwaka 1895 ukanda huo ukakodishwa kwa Waingereza, na hadi Oktoba 1963, Kenya na Zanzibar zilipotia saini kwamba utakuwa sehemu ya Kenya, mabishano ya Mwambao, kuhusu pwani hii iwe ya nani, yaliendelea kuzunguka mstari ambao hakuna mkulima aliyewahi kuuona chini. Mstari mbaya una umri mrefu, na wanaoulipia ni wale ambao hawakuwepo ulipochorwa.

Tukirudi kwenye mapitio ya karibu, njia ya kufika lile jedwali la 2012 nayo haikuwa nyoofu. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ililalamikia tofauti kubwa za idadi baina ya maeneobunge. Ikaundwa tume ya muda ya mipaka chini ya Andrew Ligale. Ripoti yake ya 2010 iliwasha moto Bungeni na mahakamani, na muda wa tume ukaisha mipaka haijachapishwa rasmi. Sheria ya IEBC ya 2011 ikatafuta suluhu ya kiungwana: tume mpya, chini ya Issack Hassan, ichukue ripoti ya Ligale kama rejeo la kwanza, na ripoti ya kamati ya Bunge kama rejeo la pili. Yaani iliamrishwa kurekebisha kazi ya mwenzake bila kuifuta. Ikatoa rasimu, ikapokea maoni ya umma, ikasikia ya wabunge, ikachapisha. Waliobaki na kinyongo wakaenda Mahakama Kuu, ambayo Julai 2012 iliamuru baadhi ya mipaka irekebishwe. Wengi waliona ni vurugu. Mimi naona ni kazi iliyopita mikono mingi, na kila mkono ukalazimika kuandika sababu zake.

Linganisha na yanayotokea Marekani, ambako ufundi wa kuchora ni mkubwa kuliko wetu na adabu yake imepungua. Agosti 2025 bunge la jimbo la Texas, lililo mikononi mwa chama cha Republican, lilipitisha ramani mpya ya viti vya Kongresi katikati ya muongo, bila kungoja sensa, kwa nia iliyosemwa hadharani ya kujipatia viti vitano zaidi. California, iliyo mikononi mwa Democrats, ikajibu: tarehe 4 Novemba 2025 wapiga kura wake waliidhinisha Pendekezo la 50, lililoweka kando ramani ya tume yao huru na kuleta nyingine inayolenga kukifidia chama hicho kwa viti vitano vya kwake. Missouri na North Carolina nazo zikachora upya. Serikali za majimbo zimekuwa zikipigana kwa kalamu, jimbo moja likimlipizia mwenzake mamia ya maili mbali. Na Mahakama ya Juu ya nchi ile ilishaamua mwaka 2019 kwamba mahakama za shirikisho haziingilii mipaka iliyopindwa kwa ajili ya chama.

Ukiutazama mkono peke yake, lazima uushangae. Wachoraji wale wana rekodi za uchaguzi hadi vituo vidogo kabisa, na kompyuta inayojaribu maelfu ya ramani mchana mmoja. Wanaweza kuhakikisha kila eneo lina idadi sawa ya watu karibu hadi mtu mmoja, na bado wakajua nani atashinda kabla ya kura kupigwa. Hesabu zao ni safi kuliko za Kisauni yetu. Lakini uliza mstari wao mbona umepinda hapa: mara nyingi jibu la kweli ni kwamba ng'ambo hii wanakaa wanaotupigia, na ng'ambo ile wanaotupinga. Usawa wa idadi, peke yake, haumlindi mtu. Ndiyo maana Katiba yetu iliiweka kalamu mikononi mwa tume, ikafunga idadi ya viti kwa namba, na ikampa mtu yeyote siku 30 za kwenda Mahakama Kuu kupinga mpaka, kesi isikilizwe ndani ya miezi mitatu. Ulinzi huo si ukuta. Ni nafasi ya kuuliza swali na kulazimisha jibu.

Hapa kwetu, isitoshe, wapo waliogundua njia ya kutohangaika na mstari kabisa. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, Likoni ilishambuliwa. Kituo cha polisi kikavamiwa, watu wakauawa, na maelfu ya wakazi wenye asili ya bara wakakimbia makwao. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza machafuko hayo pamoja na mengine ya miaka ile. Mpaka wa Likoni haukusogea hata hatua moja. Waliosogezwa ni wapiga kura. Ufundi wote wa mchoraji ni bure mahali ambapo mtu anaweza kufukuzwa kutoka upande aliochorewa.

Sasa njoo kwenye fumbo lenyewe, kwa sababu muda umepita na Mombasa imekua. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na kiwango kipya kikawa 164,015. Kaunti ndogo za Mombasa, zenye majina yaleyale ya maeneobunge, zilitoka hivi: Changamwe 131,882, Mvita 154,171, Jomvu 163,415, Nyali 216,577, Likoni 250,358 na Kisauni 291,930. Kisauni na Nyali, zilizoachana kwa watu 8,075 mwaka 2009, sasa zimeachana kwa 75,353. Jomvu, iliyoanza ikiwa ndogo kuliko Changamwe kwa mbali, imeipita. Mpaka huzeeka kimyakimya, nyumba kwa nyumba, huku bei ya viwanja Bamburi na Shanzu ikipanda.

Gawa watu 1,208,333 wa kaunti kwa kiwango kipya, upate viti saba na kidogo. Tuseme basi Mombasa imepewa cha saba. Dari ya jiji sasa ni 229,620. Kiende wapi?

Jaribio la kwanza: kaskazini. Kisauni na Nyali kwa pamoja zina watu 508,507. Wagawe kwa tatu, upate maeneo ya watu kama 169,500, karibu kabisa na kiwango. Kazi safi. Lakini Likoni imebaki juu ya dari kwa watu zaidi ya 20,000, nayo imezungukwa na bahari, Kwale na mkondo. Mvita inaweza kuwabeba kwa hesabu. Ila itabidi mstari uvuke kivuko, mtu wa Likoni awe na mbunge wa kisiwani anayemfikia kwa feri, na ule mpaka wa maji tuliousifu uvunjwe.

Jaribio la pili: kusini. Ikate Likoni mara mbili, kila upande ubaki na watu kama 125,000, ndani ya kipimo. Sasa kaskazini ndiko kumefurika. Kisauni na Nyali zikisawazishwa zinabaki na watu 254,000 kila moja, na zaidi ya 49,000 lazima wapelekwe kwingine. Tena Mvita ndiyo yenye nafasi. Mstari uvuke Daraja la Nyali, uingie Kongowea.

Huku kuna hoja nzito. Daraja limesimama tangu 1980, na kabla yake kulikuwa na daraja la kuelea tangu 1931. Mama anayeuza mboga Kongowea na dalali wa Marikiti wako katika uchumi mmoja, wanaonana kila alfajiri. Sheria inataja njia za mawasiliano na mafungamano ya kiuchumi, na hakuna fungamano la wazi kuliko gunia la vitunguu linalovuka daraja. Kwa kipimo hicho Kongowea iko karibu na kisiwa kuliko ilivyo karibu na Mwakirunge kule Kisauni. Lakini kuna hoja ya upande wa pili. Mvita ingefikia watu 203,000, na Mji wa Kale, wenye matatizo yake ya kipekee ya majengo ya urithi, maji taka na bandari ya majahazi, ungemezwa na idadi ya soko. Diwani anaweza kuyabeba hayo. Mbunge angehesabu kura.

Jaribio la tatu: viti viwili, kimoja kaskazini, kimoja kusini. Hakuna anayevuka maji, kila eneo liko ndani ya kipimo, na wastani ni watu 151,000. Ramani hii ndiyo yenye majibu mazuri kuliko zote. Tatizo lake haliko Mombasa. Viti ni 290 na Katiba haiongezi, kwa hiyo cha nane kitoke mahali pengine. Na pengine hapo pana watu. Lamu Mashariki, yenye wadi za Faza, Kiunga na Basuba, ilihesabiwa kuwa na watu 22,258. Kisauni moja ina watu mara 13 ya hao. Mwananchi wa Kisauni akilalamika kwamba kura yake ni nyepesi, amesema kweli. Mbajuni wa Faza akijibu kwamba visiwa vyake vikiunganishwa na Lamu Magharibi, yenye watu 121,662, hatasikika tena, naye amesema kweli. Mapitio ya 2012 hayakuruhusiwa kufuta eneobunge lililokuwepo. Masharti ya mpito ya Katiba yaliyakinga. Kinga hiyo ilikuwa ya mapitio ya kwanza. Atakayechora mara ya pili atayakuta majibu haya mawili ya kweli mezani, na kalamu ni moja.

Na mara ya pili imechelewa. Katiba inataka mapitio kati ya miaka minane na 12, yamalizike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, wakati tume haikuwa na kamishna hata mmoja, muda wa Wafula Chebukati na wenzake ukiwa umekwisha Januari 2023. Makamishna wapya, chini ya Erastus Ethekon, waliapishwa Julai 2025, uchaguzi wa Agosti 2027 ukiwa umeshaonekana. Kuchora mipaka kwa haraka ni kazi mbaya kuliko kutochora. Lakini kila mwaka unaopita, Kisauni inaongezeka na fumbo linakaza.

Ndiyo maana nasema ufundi huu utazamwe kwa heshima kabla haujahitajika, ili utakapofika tuujue kwa sura. Tumezoea kuhudhuria vikao vya maoni tukiwa na orodha ya sahihi na jina la mzee wetu mheshimiwa. Mchoraji hana la kufanya na orodha hiyo. Siku tume itakapoketi Mombasa kusikiliza, mwenye kusimama aje na mambo matatu: mstari upite barabara gani au mkondo gani, unaacha watu wangapi kila upande, na anayeishi ukingoni mwake atamfikiaje mbunge wake kivuko kikikwama. Akiyajibu hayo ameshashika ncha moja ya kalamu, na mheshimiwa aliyekuja na jina lake tu itambidi angoje zamu.